Kusafiri kwa kundi kwenye bato: namna tulipata bei nzuri ya Bukavu–Goma



Tangu gazeti letu liliposema kwamba kundi letu lilienda Goma kwa arusi ya binti wa mwenzetu, makundi matatu yameniuliza swali moja: "Mulilipa ngapi?" Kundi la kwanza linataka kupeleka kwaya yao Goma. La pili linaenda kutembelea wamama wenzao. La tatu halikusema linaenda wapi, lilitaka bei tu.

Jibu fupi ni dola 560 kwa watu 29, kwenda na kurudi. Lakini musichukue hesabu hiyo na kwenda nayo bandarini kesho, maana bei ya bato inabadilika kila wakati, na ajansi moja si sawa na ingine. Tena kuna jambo lingine: tulikuwa karibu kulipa dola 480, na siku ile tulifurahi sana. Leo ninashukuru kwamba hatukuzilipa. Basi niwaeleze yote tangu mwanzo, hata yale yenye aibu kidogo.

Sisi ni AVEC kama mengi ya makundi yenu. Sanduku moja, kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu tofauti. Kwa safari hii hatukugusa akiba ya watu. Tulifungua kasa ya pembeni, kila mama dola 1 kwa juma, kwa majuma 22. Tulikuwa wamama 24, kwa hiyo ilifika dola 528. Wale wenye kazi ya mshahara wataona ni kidogo. Kwa mama anayeuza sambaza kwa sahani pale Kadutu, dola hiyo moja si mchezo. Kuna majuma ilitoka kwenye chumvi na sabuni ya nyumba.

Siku 30 mbele ya arusi, mama prezida alinituma mimi mwandishi pamoja na mtunza kasa twende bandarini kuuliza. Kosa letu lilianzia hapo: hatukufika ndani ya ajansi. Kwenye mlango tulikutana na komisioneri, kijana wa maneno mazuri, anayeita kila mtu mama mzazi. Akatuambia: "Mama, mukiingia pale watawaomba dola 30 kwa kila mtu, klasi ya pili, kwenda na kurudi. Mimi nitawapangia kwa 20."

Tulipiga hesabu palepale. Wamama 24 mara 20 ni dola 480. Katika kasa inabaki dola 48. Dola 48 ni sufuria kubwa za bibi arusi, na labda kikwembe kimoja kizuri cha mama mkwe. Tulirudi tukicheka njia yote. Kwenye mkutano wamama walitupigia makofi.

Kijana alipokuja kuchukua akonti ndipo alieleza vizuri namna ya kazi yake. Kwenye listi ya wasafiri ataandika watu 18. Sita waliobaki wataingia kama wasindikizaji, mmoja mmoja, na hawatashuka. Na watoto? Tulikuwa na watoto watano: watatu wa mgongoni, na wawili wa miaka sita na saba. "Mama, watoto hawaandikwi. Ni namna hiyo wote wanafanya."

Hapo mkutano ukagawanyika, na sitaficha: wengi walikubali. Mmoja alisema, "Mradi tunafika, listi itatusaidia nini?" Mwingine akasema kama kijana ana ujanja wake na ajansi, huo si mzigo wetu. Mimi mwenyewe nilikuwa ninafikiri juu ya zile dola 48.

Mama mmoja alikuwa amekaa nyuma. Ni mtu wa maneno machache. Alisimama na kusema kwamba miaka iliyopita mdogo wake alipanda bato kwa namna hiyohiyo, na bato haikufika. Familia ilienda kuuliza. Wakafungua listi, jina halikuwamo. Waliwaambia: "Mama, una hakika gani kwamba alisafiri?" Alienda mara tatu, na mara tatu waliuliza vilevile. Hata matanga yao ilikuwa ya mashaka, kwa kuwa hakuna mtu aliyeandika popote kwamba kijana huyo alipanda bato. Kisha akaketi. Hakuna aliyepiga kura. Mtunza kasa alirudisha zile franga ndani ya sanduku na kufunga.

Wengine mutasema ninawatisha juu ya tike tu. Lakini sisi wa Kivu tunajua. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato MV Merdi ilizama karibu na Kituku, pale Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingojea. Ilitoka Minova. Vita ilikuwa imefunga barabara, na watu hawakuwa na njia ingine ila ziwa. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilibeba watu 278, wakati ilipaswa kubeba watu 80 hivi. Hesabu ya waliokufa ilipishana kwa siku nyingi, sababu hakuna aliyekuwa na listi ya kweli ya wale waliopanda. Na tangu mwezi wa 4 mwaka 2019, kisha ajali ya karibu na Kalehe, Rais Tshisekedi aliagiza kwamba kila msafiri awe na jile, ile veste ya kusaidia mtu kuelea juu ya maji. Ziwa letu lina karibu metre 480 kwenda chini pale penye kina kirefu. Hakuna mama anayeweza kuogelea huko na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo tulijipa sheria moja mbele ya kurudi bandarini: majina 29, jile 29. Bei tutaiteremsha kwa njia zingine. Na njia zingine zipo! Hilo ndilo nataka muchukue.

Safari hii tuliingia ndani, tukaomba kuonana na papa msimamizi wa ajansi mwenyewe, si kijana wa mlango wala yule anayepima mizigo. Tulienda saa nne ya asubuhi, siku ya pili, wakati hakuna bato yenye kupakia. Msimamizi mwenye watu mia mbele yake hana nafasi ya kuzungumuza bei. Mwenye kukaa peke yake na kikombe cha chai ana nafasi.

Tulianza na siku ya safari. Arusi ilikuwa siku ya posho, na tulikuwa tumepanga kusafiri siku ya tano kama kila mtu. Papa alifungua kitabu chake na kutuonyesha: siku ya tano bato inajaa bila yeye kufanya kitu, atatuteremshia bei kwa sababu gani? Lakini katikati ya juma viti vinabaki. Kiti kitupu hakimletei kitu na mazuti inaungua vilevile. Tukasema, "Basi tutaenda siku ya tatu, na kurudi siku ya kwanza." Kutoka dola 30 akafika 26 kwa klasi ya pili. Ni kweli inaomba kulala siku nyingi zaidi Goma, na kama hamuna ndugu wa kuwapokea, dola hizo nne zitaisha kwenye malazi. Sisi tulikuwa na wenyeji. Pigeni hesabu yenu. Jihadharini pia na mwisho wa mwezi, sikukuu, na wakati watoto wanaenda ao wanatoka masomoni: hapo hakuna wa kuwasikiliza.

Kisha tukaomba mtu mmoja bure. Ni desturi ya zamani ya safari za kundi hata kwenye meli kubwa za Ulaya: kundi likileta watu wa kutosha, kiti kimoja hakilipiwi. Papa alicheka, akakataa, kisha akakubali, kwa masharti kwamba tulipe kwa mara moja, mkono mmoja, mbele ya siku 10. Kwake hiyo ni faida. Hatakuwa na wamama 24 kwenye dirisha asubuhi, kila mmoja na franga zake za kuhesabu.

Juu ya watoto, wale wawili wakubwa walilipa nusu. Wa mgongoni hawakulipa kitu, lakini tuliona kwa macho yetu majina yao yakiandikwa. Kutolipa ni jambo moja, na kutoandikwa ni lingine. Yule komisioneri alikuwa ameyachanganya makusudi.

Basi hesabu: viti 23 kwa dola 26 ni 598, na watoto wawili kwa dola 13 ni 26. Jumla 624. Kasa ilikuwa na 528. Tulikosa dola 96, dola 4 kwa kila mama. Wengine walinyamaza, na mnajua kunyamaza kwa mama ambaye hana.

Wasichana wa kundi ndio walituokoa. Wanane walisema wao wataenda klasi ya tatu, kule chini ambako watu wanakaa kwenye mabenchi na kuimba. Kwa bei ya kundi ilikuwa dola 18 kwenda na kurudi. Hesabu ikageuka: viti 15 vya klasi ya pili kwa 26 ni 390, nane kwa 18 ni 144, watoto 26. Jumla 560. Tukakosa dola 32 tu, na wamama 16 wa klasi ya pili wakaongeza dola 2 kila mmoja. Ilikuwa haki: aliyekaa kwenye kiti cha laini aliongeza, aliyekaa kwenye benchi hakuongeza. (Wasichana walisema ndio walifurahi kuliko sisi. Ninawaamini. Makelele yao tulikuwa tunayasikia juu.)

Na kile kiti cha bure? Angalieni hapo, kimevunja makundi. Kuna mahali mama prezida anakichukua kimyakimya, na wengine wanakuja kujua njiani. Sisi tulikiweka kwenye hesabu ya wote, kama munavyoona: wamama 16, viti 15 vya kulipa. Mama prezida aliongeza dola zake 2 kama wengine, na alizitoa mbele ya watu.

Mbele ya kulipa, tuliuliza mambo ambayo hayako kwenye bei. Taksi ya bandari imo ndani ao tutailipa kando? Kila mtu ana haki ya kilo ngapi? Swali la kilo lilitusaidia sana, maana tulikuwa na sufuria za zawadi, mifuko ya unga na vikwembe vya wote. Tungezibeba bila kuuliza, tungelipia mizigo kuliko tike. Papa alikubali tuunganishe kilo za wote 24, kwa hiyo mama mwenye mfuko mdogo alimsaidia mwenye mfuko mkubwa. Chakula kilikuwa kinauzwa ndani, kwa bei ya ndani. Tulibeba ndizi, mihogo na sambaza zetu, pamoja na maji.

Ulizeni pia mutalipa kwa pesa gani. Sisi tulipatana kwa dola. Kama mukipatana kwa dola na kulipa kwa franga, wapatane nanyi kabisa kiwango cha kubadilisha, na waandike, sababu kiwango cha dirishani si kile cha barabarani. Na tazameni noti zenu nyumbani! Mnajua namna tunaishi hapa: dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, hakuna anayeitaka. Tulikuwa na noti mbili za namna hiyo, tulizibadilisha kwa hasara mbele ya siku. Ingekuwa mbaya kugundua hilo dirishani. Na kama mutatuma pesa kwa simu, ile ya kutolea inakatwa kwa nani? Kwa kundi kubwa ni pesa inayoonekana.

Swali la mwisho ndilo tulikuwa karibu kusahau: bato isipotoka, itakuwa namna gani? Upepo, mashini, amri ya wakubwa, usalama, kwetu mambo haya hayakosi. Tuliomba papa aandike kwenye karatasi kwamba bato isipotoka tike zinabaki na thamani kwa bato inayofuata, bila kuongeza kitu. Na kwamba mmoja wetu akigonjwa, tunaweza kuweka jina la mwingine mpaka siku moja mbele ya safari. Alisema hapakuwa na haja ya kuandika, yeye ni mtu wa neno moja. Mtunza kasa alimwambia kwa heshima, "Papa, tunakuamini, lakini mimi nina wamama 24 wa kujibu." Akaandika, akatia sini na muhuri.

Karatasi hiyo ilifanya kazi. Siku ya kurudi kulikuwa na upepo mkali na bato haikuondoka. Wasafiri wengi walisimama dirishani wakigombana, wengine wakaambiwa wanunue tike mpya. Sisi tulionyesha karatasi, tukarudi kwa wenyeji wetu na kulala usiku mwingine. Siku ya pili tulipanda bila kulipa hata franga moja. Dola 20 za tike ya mlangoni zingetuacha pale Goma.

Listi yenyewe niliiandika kwa mkono mara tatu: moja ya ajansi, moja ya mfuko wangu, na moja ilibaki Bukavu kwa mume wa mama prezida. Niliweka jina kama lilivyo kwenye kadi ya mchaguzi, umri, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, ambaye hayuko safarini. Hilo la mwisho tulifundishwa na yule mama wa nyuma. Wengi walikuwa wameandika namba ya dada waliyekuwa wanasafiri naye! Asubuhi ya kuondoka, mtu wa ajansi alisoma majina yote kwa sauti, na kila mmoja akaitika. Hata watoto wa mgongoni waliitwa, na mama zao wakaitika kwa ajili yao. Yule mama aliitika "niko" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Makundi mengine yameniuliza juu ya kanoti za mbio. Ni kweli zinafika kwa masaa machache, wakati bato kubwa inakula karibu mchana mzima ao usiku mzima. Lakini bei yake ni ya juu sana, na viti ni vichache, kwa hiyo msimamizi hana sababu ya kuwapunguzia. Kwa mgonjwa ao msiba, ndiyo. Kwa kundi la arusi, hapana. Na wenzetu wa Uvira na Kalemie wanaosafiri juu ya Tanganyika, bato zenu ni zingine na safari zenu ni ndefu kuliko zetu, lakini maswali ya kuuliza dirishani ni yaleyale.

Jambo moja halikutuendea vizuri, na nalo niliandike. Tulikuwa tumeomba jile 29, papa akasema ndiyo. Asubuhi tulizihesabu: 29 kweli. Lakini zote zilikuwa za watu wakubwa. Mtoto wa miezi minane akiwekwa ndani yake anateleza chini kama kijiko. Tulikataa kupanda. Watu walitununia, na kapiteni alikuja mwenyewe kuuliza kwa nini. Kisha nusu saa walileta jile tano za watoto kutoka bato iliyokuwa pembeni: nne nzuri, na moja yenye kamba iliyokatika, ambayo mama mmoja alifunga kwa kitambaa cha kichwa chake. Wakati wa kurudi tulikuwa tumeziomba mbele, na zote zilikuwa nzima. Kwa hiyo musiulize tu "jile ziko ngapi?" Ulizeni na za watoto wa umri gani, na muombe kuziona.

Kundi lenye kujitayarisha kwa safari linaweza kuniletea listi yake siku ya tano kwenye mkutano, tutaisoma pamoja. Nitabeba ile karatasi ya ajansi muione namna iliandikwa. Na yule wa kundi la tatu, tafadhali uniambie kwanza munaenda wapi.